Arvo na King'ora Alichokinyamazisha

Arvo Niskala alifanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye kiwanda cha karatasi hapa Thunder Bay, upande wa vipimo: shinikizo la mvuke, joto la mitungi, taa na ving'ora. Alikuwa fundi wa kuogopwa. Hakuwa mtu wa kufoka kila siku, ila alikuwa na neno moja lisilomtoka mdomoni: king'ora hakizimwi mpaka ujue kimelia kwa nini. Ukikizima kwa sababu kinakuudhi, umekwisha mbele ya Arvo.

Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ua tu. Kila Jumamosi alasiri huniita kwenye sauna yake, kile chumba cha kuogea mvuke cha Wafini kama yeye, kilicho chini ya nyumba, na habari hii nimeipata humo, kipande kipande, kwa sababu Arvo hasemi jambo la aibu akiwa amevaa nguo.

Mtu wa kwanza wa kumjua ni mdogo wake, Urho. Arvo aliachana na mkewe zamani, watoto hakujaliwa, kwa hiyo Urho ndiye aliyekuwa watu wake wote. Mapafu yakamuua Urho, mwezi Machi, miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Baada ya mazishi, mjane wake, Seija, alikuja kwa Arvo akaweka simu ya marehemu juu ya meza ya jikoni.

"Shemeji, humu kuna video zake," akasema. "Alikuwa akijirekodi nikiwa sipo. Nimetazama moja tu, nikashindwa kula siku mbili. Siwezi. Ziweke wewe. Siku nikiwa tayari nitakuomba."

"Umezileta mahali penyewe," Arvo akamjibu.

Akamchukua hadi chini, kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo kabla ya kuingia sauna, akamwonyesha kisanduku cheusi kilichokuwa rafuni. Ndani yake mlikuwa na diski mbili. Alichokiandika kwenye ya kwanza kiliandikwa papo hapo kwenye ya pili, neno kwa neno, picha kwa picha. "Moja ikifa," akamwambia, "nyingine inabaki nazo zote. Lala usingizi."

Akazinakili video zote, arobaini na tatu. Kisha akaifuta simu kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha kwa Seija ikiwa safi, ili mjukuu wake aitumie. Neno hilo la kuifuta simu alilirudia mara nyingi kule sauna. "Niliifuta mimi. Hakuniomba. Niliona namfanyia msaada."

Ikapita mwaka na nusu. Novemba moja, siku ambayo theluji ya kwanza ilianguka ikakaa, kisanduku kikaanza kulia. Pi, pi, pi, kila baada ya sekunde tano. Arvo alikuwa na mafua, kichwa kinamgonga. Akafungua ukurasa wa kisanduku kwenye kompyuta yake ya jikoni akakuta maandishi mekundu: diski moja imekufa, data yako inalindwa na diski moja tu, badilisha haraka. Chini yake palikuwa na kitufe cha kunyamazisha sauti. Akakibonyeza.

Alikusudia kuagiza diski nyingine Jumatatu, na anaapa hivyo mpaka leo. Jumatatu mafua yakazidi. Jumatatu iliyofuata akawa mzima na akasahau, au alijisahaulisha, mwenyewe hajui. Ila taa nyekundu haikusahau. Kwenye kile chumba kidogo chenye giza ilimkazia macho kila alipovua soksi. Basi akakata kipande cha mkanda mweusi wa mafundi umeme akaiziba.

Mimi niliuona ule mkanda. Nilimuuliza, "Hiki nini tena?"

"Taa," akasema. "Inaniumiza macho."

Na mimi nikaingia zangu sauna.

Krismasi ikaja, ikaenda. Seija alimuuliza mara mbili. Ya pili ilikuwa Pasaka, nyumbani kwake, Arvo akiwa na kipande cha mkate mtamu wa iliki mkononi, ule ambao Wafini wa huku hawanywi kahawa bila huo.

"Vitu vyangu vipo, shemeji?"

"Vipo."

"Salama?"

"Salama kabisa." Akamtazama machoni, akatafuna, akaongeza kipande kingine.

Mwezi Juni, siku kumi kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Seija akapiga simu. Ukoo wote ungekutana kwenye nyumba yao ya ziwani, hata binti yake wa Sudbury angekuja na watoto. "Nadhani sasa naweza," akasema. "Nataka ile anapomenya viazi. Ndiyo ile niliyoitazama. Anasimulia siku aliyoniona kwenye dansi ukumbini kwetu. Miaka arobaini nimemwomba aniambie alifikiria nini siku ile, akawa ananicheka tu. Kumbe aliiambia simu. Na mimi nilikuwa nalia hata sikusikia vizuri."

"Nakuletea," Arvo akasema.

Akashuka chini, akafungua video. Urho akatokea, amevaa fulana, kisu mkononi, ndoo ya viazi mbele yake. Akakohoa, akasogeza simu ikae sawa, akasema kwa Kifini, "Haya. Seija ameenda dukani, kwa hiyo sasa naweza kusema ukweli." Akamenya kiazi kimoja. Akasema jina la ukumbi. Akaanza kusema mvua ilivyokuwa. Pale pale picha ikaganda, sauti ikakatika, na kisanduku kikaanza kukwaruza kama kucha kwenye bati.

Arvo akabandua ule mkanda. Taa ilikuwa bado nyekundu. Ilikuwa nyekundu miezi saba.

Mtu mwingine angeita msaada saa ile. Arvo akaagiza diski mpya kimyakimya. Ilipofika, siku ya nne, akaamua atamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana na hakuna atakayejua. Maelezo ya kwenye skrini yalisema diski mbovu ni namba moja. Arvo akahesabu kama anavyohesabu binadamu yeyote: moja, mbili. Akachomoa ya kushoto, kisanduku kikiwa kimewaka. Lakini mashine ile ilihesabu kuanzia sifuri. Aliyoichomoa ilikuwa ile nzima, ile pekee iliyokuwa bado na sauti ya mdogo wake, tena ikiwa inazunguka.

Kisanduku kikapiga kelele mfululizo. Akairudisha diski, akazima, akakaa chini sakafuni, akasubiri, akawasha. Ikarudi. Akaweka diski mpya mahali pa ile mbovu na kisanduku kikaanza kuijaza. Asilimia tano. Asilimia kumi. Akakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo siku nzima kama mtu anayesubiri mke ajifungue. Ilipofika asilimia sitini na mbili, ikasimama. Diski ya zamani haikuweza kusomeka tena mahali fulani, na mashine ikakataa kuendelea.

Jioni ile Seija akapiga. "Umeshaipata?"

"Mtandao unasumbua huku," Arvo akasema. "Kesho."

Hakuna mtandao uliosumbua. Kisanduku hakihitaji mtandao kusoma diski iliyo ndani yake, ila Seija hakujua, na Arvo alijua kwamba hajui.

Sasa kuna mtu wa pili wa kumjua. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, pale kiwandani, aliajiriwa msichana mmoja wa Kianishinaabe, wenyeji wa asili wa nchi hii, Noreen Michano, kukaa chumba cha udhibiti. King'ora kimoja cha mvuke kilikuwa kinalia ovyo wiki nzima bila sababu, na usiku mmoja Noreen akakizima bila kukagua. Hakuna kilichoharibika. Lakini asubuhi yake Arvo alimsimamisha mbele ya zamu mbili nzima, inayotoka na inayoingia, watu arobaini, akamwambia, "Masikio yako yakichoka, dada, nenda kafanye kazi maktaba. Hapa tunataka watu wenye akili." Watu wakacheka. Noreen aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Akasoma, akawa fundi wa kompyuta, na sasa ana karakana yake nyuma ya duka la kufulia nguo. Kila aliyepoteza data mji huu anaambiwa jina lake.

Arvo alizunguka na gari mtaa ule mara tatu, kisanduku kikiwa kiti cha mbele kimefungwa mkanda. Mara ya nne akaegesha.

Noreen alimtambua mara moja. Sasa alikuwa mama aliyenenepa kidogo, mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani. "Bwana Niskala," akasema. Si kwa furaha, si kwa hasira.

"Ni cha rafiki yangu," Arvo akasema, akikiweka kisanduku mezani. "Yeye si mtu wa mashine. Nimemsaidia kukileta."

"Haya. Rafiki yako amefanya nini?"

"Diski moja imekufa. Amejaribu kuweka mpya, ikakwama."

Noreen akakigeuza kisanduku. Akapitisha kidole pale penye taa, akakuta gundi nyeusi ya mkanda, akaisugua kwa ukucha. Akavaa miwani. Akaunganisha nyaya, akafungua kumbukumbu za mashine, yaani ile orodha ambamo kisanduku huandika kila kinachotendwa, na saa yake, na nani ametenda. Akasoma muda mrefu. Arvo akajifanya anatazama kalenda ukutani.

"Huyu rafiki yako," Noreen akasema, "naye anaitwa Arvo?"

Arvo akageuka kutoka kwenye kalenda.

"Maana hapa imeandikwa. Tisa Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, king'ora kimenyamazishwa na Arvo. Halafu kuna barua pepe za onyo mia mbili na kumi na nne, zote zimetumwa, na hakuna kilichofanywa baada yake. Halafu juzi, diski nzima imechomolewa ikiwa inafanya kazi." Akavua miwani. "Zilikuwa zinaenda wapi hizo barua?"

"Nilizitengea folda," Arvo akasema. "Zilikuwa nyingi."

Arvo aliniambia kwamba saa ile alitamani Noreen acheke, amwite mjinga, ampigie kelele, awaite watu wa dukani waje wasikie. Angestahimili. Noreen hakufanya hata moja. Alivaa tena miwani akasema, "Kinakaa wapi nyumbani?"

"Chini. Karibu na sauna."

"Karibu vipi?"

"Ukuta mmoja."

"Jamani, joto lote lile," akasema Noreen kwa sauti ya chini, kana kwamba anaihurumia mashine.

Ndipo Arvo akasema. Hakuwa amepanga. "Noreen, ile siku kiwandani. Mbele ya watu."

"Naikumbuka."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea kweli. Nililia garini mpaka kioo kikapata ukungu, halafu nikaenda kumwambia mama yangu nimechoka na kazi ya zamu, kwa sababu niliona haya kumweleza." Akasema hayo huku mikono ikifungua skrubu. "Unajua kilichoniuma? Ulikuwa na haki. Nilipaswa kukagua. Ungeniambia pembeni ningekushukuru mpaka leo."

"Samahani."

"Nimesikia." Hakusema amesamehe, na Arvo hakuthubutu kuuliza. "Sasa nisikilize. Kosa la pili baada ya kunyamazisha ni kuilazimisha mashine ijijaze upya. Diski mgonjwa haikimbizwi. Nitaitoa humu, niinakili polepole kwenye mpya, pale inapokataa niruke, kisha nirudi kubembeleza vile vipande vilivyobaki. Siku tatu, huenda nne. Na bwana Niskala, diski pacha si akiba. Ukifuta kitu kwenye moja, kinafutika kwenye zote mbili. Nyumba ikiungua, zinaungua pamoja. Ulikuwa na nakala nyingine popote?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Nilifuta simu mwenyewe," Arvo akasema.

Noreen akamsogezea kiti.

Siku ya nne akampigia simu. Kati ya video arobaini na tatu, arobaini zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na mikwaruzo lakini zinatazamika. Moja ilikuwa imevunjika: inacheza dakika moja na sekunde arobaini, halafu hakuna kitu. Pale penyewe ndipo diski ilipoumia, na amebembeleza usiku na mchana, imekataa. "Kuna mtu anamenya viazi," akasema. "Pole sana."

Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya sikukuu. Nilimwambia Arvo aende kwa Seija saa ile ile, na najua hakutaka. Alitaka kusema kwamba simu ilikuwa na hitilafu tangu mwanzo. Alinitamkia uongo huo wote, umepangwa vizuri, akiwa amesimama uani na funguo za gari mkononi, akanitazama kuona kama utapita. Nikamwambia, "Ungepita. Seija anakuamini." Uso ukamshuka. Akaingia kwenye gari.

Alimkuta Seija ziwani, anasafisha samaki mezani nje. Akamwambia yote: mafua, kitufe, mkanda, Pasaka, mtandao ambao haukusumbua. Seija aliendelea kukwangua magamba mpaka samaki yule akabaki ngozi tupu.

"Dakika moja na nusu," akasema mwishowe.

"Na sekunde kumi."

"Usinihesabie sekunde, Arvo." Hakumwita shemeji. "Diski zinakufa. Hata watu wanakufa, nimezoea. Lakini ulikaa mezani kwangu, ukala mkate wangu, nikakuuliza, ukanitazama usoni. Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza salama?"

"Uliuliza."

"Basi nenda nyumbani. Kesho usije. Nitawaambia unaumwa, kwa vile kudanganya ni jambo dogo kwetu siku hizi."

Sikukuu ile Arvo alikaa nyumbani. Mji mzima ulinuka moshi wa mioto ya ufukweni, na yeye alikuwa barazani anakata matawi ya mti ambao haukuhitaji kukatwa. Majirani walipompungia mkono aliinamisha kichwa. Sauna haikuwashwa wiki sita. Alikihamisha kisanduku ghorofani, akaweka diski nyingine mbili mpya, akatengeneza nakala ya tatu na kumwomba Noreen aiweke kwenye karakana yake. Noreen alikubali, akaandika jina la Arvo juu ya bahasha, akaweka kwenye kabati. Hawakuongea zaidi ya hapo, ila siku hizi wakikutana dukani huyu humwambia yule "habari za asubuhi", na Arvo ndiye hutangulia.

Diski yenye nakala ya Seija aliipeleka akaiacha kwenye sanduku lake la barua, na karatasi yenye maneno mawili: nilikosa, samahani. Hakupata jibu Julai, wala Agosti, wala Septemba.

Oktoba simu ikalia. "Njoo," Seija akasema, akakata.

Arvo akaenda na shati lililopigwa pasi. Mezani palikuwa na kahawa, kikombe kimoja tu, cha Seija. Katikati ya meza palikuwa na simu imesimamishwa kwenye kopo la sukari.

"Siku ile ya dansi," Seija akasema, "nani aliendesha gari kumleta Urho ukumbini?"

"Mimi."

"Basi ulikuwepo. Urho alisema mpaka kwenye mvua. Endelea kuanzia hapo." Akabonyeza simu ianze kurekodi. "Na usipambe. Ukisema jambo usilolikumbuka, nitajua."

Arvo aliniambia kwamba hajawahi kuona ugumu kama ule kufungua mdomo. Akaanza vibaya, akasema tarehe, akasema aina ya gari. Seija akamkatiza: "Sikuulizi gari." Akaanza tena. Akasema mvua ilivyowalowesha kwa sababu yeye Arvo alisahau kufunga dirisha, na Urho akaingia ukumbini bega moja limelowa, moja kavu, akamwona msichana wa nguo ya kijani karibu na jukwaa, akamwambia kaka yake, "Yule ananicheka. Nitamwoa au nitahama mji." Seija akaweka mkono mdomoni. Akasema nguo haikuwa kijani, ilikuwa buluu. Arvo akasema kwenye taa zile ilikuwa kijani. Wakabishana. Akamweleza jinsi Urho alivyofanya mazoezi ya maneno ya kumwambia, chooni, mara nne, na kaka yake akilinda mlango. Hilo Seija hakuwahi kulijua. Alicheka hadi akakohoa, kisha akalia, na Arvo akabaki ameshika kingo za meza, hajui kama anaruhusiwa kumgusa bega. Hakumgusa.

Yakawa maneno ya dakika ishirini na sita. Seija akazima simu.

"Hii si sauti yake," akasema.

"Si yake."

"Lakini ni yake kidogo." Akainuka, akachukua kikombe cha pili kabatini, akamimina. "Nitanakili mwenyewe. Moja kwangu, moja kwa binti yangu Sudbury, moja kwa yule mama fundi wako, nimeshaongea naye."

"Na mimi?" Arvo akauliza.

Seija akamsukumia kikombe. "Ya kwako utapata nikishakuamini. Kunywa, inapoa."

Ni Machi sasa, na bado hajampa nakala. Arvo hunywa kahawa kwake kila Jumapili, na hajauliza tena. Jumamosi iliyopita, tukiwa kwenye mvuke, nilimwuliza kama anadhani Seija atampa siku moja. Alimwagia mawe maji, akangoja yaache kutoa sauti.

"Sijui," akasema. "Angenipa leo, ningeona haya kuipokea."